Je, wajua kwa nini MathOverflow, tovuti ya maswali na majibu ya wanahisabati, ilihama nyumba bila kubadili anwani?

Watu wakitaka kufungua tovuti ya maswali na majibu wanaanza kulinganisha bei, kura, pointi na beji, na mimi nililinganisha hivyo hivyo miaka mingi nikiamini ndo namna ya kuchagua, kumbe nilikosea. Hayo mambo karibu programu zote zinayo. Programu ya Question2Answer ni ya bure na inakaa kwenye hosti (seva ya kukodi) ya kawaida tu yenye lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL, Discourse nayo unaweza kuiweka bure ila inataka seva yenye nguvu kidogo. Cha kuuliza kwanza ni siku ya kuhama utaondoka na nini.

MathOverflow ilianza 2009 ikiwa imepanga kwa Stack Exchange, enzi hizo kampuni inakodisha programu yake kwa malipo ya mwezi. Mwaka 2010 kampuni ikabadili mpango, tovuti mpya zikawa bure lakini ziko chini yake. Biostar, ya wanabiolojia, nao wapangaji, wakaondoka wakajitengenezea programu yao. MathOverflow wakahamia huo mfumo mpya wa Stack Exchange 2013 kwa makubaliano: jina mathoverflow.net linabaki lao, na wakitaka kuondoka wanabeba yaliyomo.

Hilo jina ni kama sanduku la posta, unahama Magomeni unaenda Mbagala barua zinafika palepale. Ila jina peke yake halitoshi, maana kila swali lina namba ndani ya linki yake, na majibu na kura zote zimefungwa kwenye namba ile. Chukua daftari la madeni la mangi: mama Neema yuko ukurasa wa 41, na huku ukurasa wa 60 kaandika "salio liko 41". Likinakiliwa upya namba za kurasa zikahama, hela zote zipo ila hujui anadaiwa nani. Ndo maana uhamishaji mbovu unaacha majibu mazuri kabisa yasiyo na swali.

Yahoo Answers, tovuti ya Yahoo ya maswali na majibu, ilipofungwa Mei 2021 mtu aliruhusiwa kuomba alichoandika yeye tu, ya wenzake hapana, yaani unabaki na jibu lako na aliyeuliza hayupo. Inauma.

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote weka maswali matatu ya majaribio, yajibu, yapigie kura, halafu omba bekapu (nakala ya yote yaliyomo) na uifungue mwenyewe uone kama kila jibu bado linajua swali lake.