Vyungu vya Waquapaw si vya mnada

Tangu kanuni mpya za NAGPRA, sheria ya Marekani ya kulinda na kurudisha mabaki na vitu vya makaburini vya Wenyeji wa Marekani, zianze kutumika tarehe 12 Januari 2024, sisi tunaotunza mikusanyo ya makumbusho Marekani tunaulizwa kila mara kwa nini makabati fulani yamefunikwa. Ni kwa sababu vitu vilivyotoka makaburini, pamoja na mabaki ya watu, haviwezi kuonyeshwa wala kutafitiwa bila idhini ya taifa la Wenyeji ambalo ni lao. Idhini hiyo hutolewa kwa hiari, mapema, baada ya wahusika kuelezwa kila kitu. Kwa vyombo vingi vya udongo vya maeneo ambako Mto Arkansas unaingia Mississippi, wenyewe ni Waquapaw, mojawapo ya mataifa ya Wenyeji wa Marekani.

Na tuache kuandika kwamba watu hawa “walitoweka”. Waliondolewa. Mwaka 1673 wavumbuzi wa Kifaransa Marquette na Jolliet waliwakuta vijijini mwao, wakulima wa mahindi, na jimbo la Arkansas limepewa jina lao. Ndui iliwamaliza wengi kabla ya mwaka 1700. Mkataba na serikali ya Marekani wa 1818 ukachukua sehemu kubwa ya ardhi, wa 1824 ukachukua iliyobaki, wakapelekwa kwa Wacaddo, taifa jingine la Wenyeji, kando ya Mto Red. Mafuriko yaliharibu mazao, watu wakafa njaa, na chifu Heckaton akarudi Arkansas na waliosalia. Mkataba wa 1833 uliwahamishia kaskazini-mashariki mwa Oklahoma ya leo, na huko serikali yao ingali ipo. Makaburi ya wazee wao yalibaki Arkansas bila mlinzi, ndipo wachimbaji na wauzaji walipojipatia riziki.

Kuuza mabaki ya Wenyeji wa Marekani bila haki ni kifungo kisichozidi mwaka 1 na siku 1. Kurudia kosa, hadi miaka 10. Kuchimba mambo ya kale bila kibali katika ardhi ya shirikisho au ya mataifa ya Wenyeji kunaangukia sheria nyingine, ya 1979: faini hadi dola 10,000 au mwaka 1 jela, au vyote viwili. Thamani ya vitu pamoja na gharama ya ukarabati ikizidi dola 500, adhabu hupanda hadi dola 20,000 na miaka 2.

Chungu cha urithi kilichoko kabatini kwako ni jambo jingine. NAGPRA haimlazimishi mtu binafsi kukirudisha. Hata hivyo, kabla hujakipeleka sokoni, iandikie ofisi ya uhifadhi wa kihistoria ya Taifa la Quapaw, ueleze kilipatikana wapi na nani alikichimba. Usikioshe.