Maji anayoyahifadhi chura wa jangwani

Mwezi wa tisa uliopita, hapa Lubumbashi, fundi aliyekuwa akichimba msingi wa nyumba jirani aliniita nimwone chura aliyemkuta ndani ya udongo mkavu, wakati mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano. "Mwalimu, huyu amekufa?" Nilipomshika, alinikojolea mkononi mkojo mweupe kabisa, karibu maji matupu. Nilimrudisha chini upesi na kumfunika, kwa sababu chura aliyejificha kiangazi huweka maji ya akiba katika kibofu, na mimi nilikuwa nimemmwagisha.

Bingwa wa maisha hayo ni chura aitwaye kitaalamu Scaphiopus couchii, anayeishi katika jangwa la Sonora, kati ya Marekani na Mexico. Kila mguu wake wa nyuma una sugu ngumu, nyeusi, iliyopinda kama mundu, ambayo huchimbia kinyumenyume mpaka udongo umfunike kichwa, na huko chini hukaa miezi minane hadi kumi. Chura hanywi kwa kinywa; hufyonza maji kwa ngozi laini ya tumbo na mapaja. Ngozi hiyo ndiyo hatari yake pia, maana udongo unapozidi kukauka huweza kumnyang'anya maji. Hapo ndipo ninapomstaajabia: yurea, taka ambayo sisi huitoa kwa mkojo, yeye huiacha ijikusanye mwilini, damu yake ikolee, na maji kidogo yaliyobaki katika udongo yaendelee kuvutwa kwake.

Kinachomtoa si unyevu bali mtikisiko wa mvua inayopiga ardhi. Usiku huohuo madume huita madimbwini kwa sauti kama ya kondoo, majike hutaga, na wote hula mchwa wenye mabawa, ambao nao hufuata mvua kama kumbikumbi wetu wanaojaa kwenye taa mvua za kwanza zinapoanza. Mlo mmoja waweza kufikia nusu ya uzito wa chura.

Mayai huanguliwa kwa siku moja hivi. Kwenye joto kali, viluwiluwi huweza kuota miguu na kutoka majini baada ya siku nane tu, huku dimbwi likipungua kila mchana. Wanaochelewa hukaukia topeni. Wanaotoka, wadogo kama ukucha wa kidole gumba, huanza mara moja kuwinda wadudu, maana nao lazima wanenepe kabla ya kujichimbia.