Upanga wa kale hauzaliwi na kutu

Kila nakala ya upanga ninayoitengenezea makumbusho hupokewa kwa maneno yaleyale: "Kazi nzuri, lakini mbona unang'aa hivyo? Hauonekani wa kale." Wengine hawangoji hata kazi iishe. Wanaandika kabisa kwenye oda kwamba chuma kiachwe cheusi, bronzi ipakwe dawa igeuke kijani, ala, yaani kifuko cha upanga, ikwaruzwe. Na wanaoandika hivyo si wageni waliopita na watoto wao Jumapili. Ni wasomi, watu ambao vitu vya asili viko kwenye makabati yao wenyewe. Ndiyo maana inaniudhi.

Tuuchukue upanga wa Kirkburn. Ulifukuliwa mwaka 1987 huko East Yorkshire, Uingereza, katika kaburi la mwanamume aliyezikwa na mikuki mitatu imechomekwa kifuani, na leo uko British Museum. Ni wa kati ya mwaka 300 na 200 KK, na urefu wake unakaribia sentimita 70. Mpini peke yake una vipande 37 vya chuma, bronzi na pembe; ukijumlisha na ala vinapita 70. Bamba la mbele la ala ni la bronzi, la nyuma ni la chuma, na lile la mbele limechorwa nakshi za kujizungusha na kupachikwa kioo chekundu.

Sasa niambie: fundi aliyehangaika kupachika kioo chekundu alitaka kionekane juu ya rangi gani? Bronzi mpya, yenye takriban sehemu tisa za shaba kwa moja ya bati, ina rangi ya dhahabu. Chuma kilichosuguliwa vizuri ni cheupe. Weka nyekundu katikati yake. Huo ndio upanga alioufahamu mwenyewe. Ule wa kijani na kahawia mnaoutazama kabatini ni kazi ya udongo wa Yorkshire kwa zaidi ya miaka 2,000. Mnaniomba niige udongo, halafu chini yake mnaandika "hivi ndivyo ulivyokuwa".

Tena kutu haiishii kwenye rangi. Hubadili na umbo, kwa sababu chuma kikiliwa na kutu huvimba. Anayepima kingo za nje za upanga uliofukuliwa anapima kutu. Nimeshaletewa faili za skana, safi kabisa, na agizo kwamba nisitoke nje ya vipimo vile hata kwa milimita. Ukivifuata unapata ubapa mnene usioingia hata kwenye ala yake. Vipimo vya kweli vitafute kwenye eksirei, inayoonyesha kiini cha chuma kilichosalia, kisha ulinganishe na nafasi iliyomo ndani ya ala. Pembe ya mpini nayo huoza. Inatambulika pale tu chumvi za chuma zilipoipenya kabla haijaisha, zikaacha alama ya nyuzi zake. Skana ya juujuu haioni hilo.

Kuna hoja moja ambayo wapenda uchakavu wangeweza kunibana nayo, ila sijasikia hata mmoja akiitaja. Ala ya Kirkburn iliwahi kuharibika na kutengenezwa kabla ya kuzikwa. Siku ya mazishi upanga ule haukuwa mpya. Kwa hiyo swali la haki ni hili: nakala ionyeshe siku gani ya maisha yake, ile uliyotoka mikononi mwa mhunzi au ile uliyoshushwa kaburini? Zote mbili ni halali. Ukichagua mazishi nitakuwekea matengenezo yale, na mpini uliolainishwa na kiganja. Kutu sitaweka, kwani hakuna aliyeuzika ukiwa na kutu ya karne ishirini. Ukiniuliza mimi, nitakwambia chagua siku ya kwanza. Mwisho wake tayari unaonekana kwenye kabati la pili.

Na mng'ao huo usiletwe na mashine. Nawasihi. Shika bamba la ala chini ya taa ya pembeni uangalie mstari mmoja wa nakshi: upande mmoja una ukingo mkali, wa pili umelala kidogo, na mwanga unakatika palepale chombo kilipopita. Pitisha gurudumu la kitambaa mara mbili, kingo zote zinalala sawa na nakshi imekufa. Jiwe laini, mafuta, unga wa mkaa na mkono wa mtu vinatosha. Huchukua muda mrefu, ndiyo, na bei yangu inasema hivyo.

Mengine nayapitia haraka, maana hayaniumizi kiasi hicho.

"Panga za kale zilikuwa nzito ajabu." Hapana. Panga za aina hii kwa kawaida hazifiki kilo moja. Anayeniambia kilo tano aende dukani, anunue unga wa kilo tano, aupungie kwa mkono mmoja kwa dakika mbili, kisha tuendelee na mazungumzo.

"Chuma kiliyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu." Hizo ni sinema. Panga za bronzi za karne za nyuma zaidi ndizo zilizomiminwa. Tanuri za udongo za Ulaya ya wakati ule hazikutoa chuma cha kumimina. Zilitoa bonge lililojaa mavi ya chuma, likapigwa nyundo likiwa limepashwa moto mkali mpaka uchafu utoke. Wasomaji wa Kagera hawahitaji kufundishwa hili. Wazee wa Kihaya waliwasha tanuri mbele ya watafiti miaka ya 1970 na kazi ikaonekana.

"Zilikuwa laini, zilipinda vitani." Hii inatoka kwa Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki, aliyeandika kwamba panga za Wagauli, yaani Wakelti waliopigana na Warumi huko Italia, zilipinda kwa pigo la kwanza, mpaka mtu azinyooshe kwa mguu. Panga za Kikelti zilizopimwa maabara zinaonyesha mchanganyiko: nyingine ni chuma laini kweli, nyingine zina feleji nzuri kwenye makali. Nyingi zilizopatikana zimepinda zilipindwa makusudi kabla ya kuwekwa kaburini au kutupwa majini.

"Tuwekee mawimbi kama ya panga za Dameski." Ukitaka mawimbi agiza nakala ya upanga wa Sutton Hoo, kaburi la mashariki mwa Uingereza, uliofukuliwa 1939, ambao eksirei ilifichua fito za chuma zilizosokotwa na kuunganishwa. Lakini huo ni wa karne ya 7 BK, zaidi ya miaka 800 baada ya Kirkburn. Usiniombe niwavishe watu wa Yorkshire nguo za wajukuu wa Waanglo-Saksoni, wageni waliokuwa bado hawajafika Uingereza.

"Ala ni ngozi tu, na upanga huning'inia kiunoni." Ngozi na mbao zilikuwapo, lakini ala niliyoieleza ni kazi ya mabamba ya chuma na bronzi, na bronzi hiyo hupashwa moto tena na tena ili isipasuke inapofuliwa. Kuhusu kiuno, ala za kundi hili zina kitanzi karibu na katikati, na sanamu ndogo za chokaa kutoka East Yorkshire zinaonyesha upanga ukiwa mgongoni. Kabla hamjanunua sanamu ya kuuvisha, ulizeni.

Mkiupokea, msiuweke kwenye kabati la mwaloni wala juu ya kitambaa cha sufu. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi, sufu hutoa salfa, na bronzi niliyoisugua kwa mkono itaanza kufifia huku mkinipigia simu. Pakeni nta nyembamba, shikeni kwa glavu. Alama yangu na mwaka wa kazi nimezichonga kwenye mkia wa upanga, ndani ya mpini, ili miaka mingi ijayo mtu asije akauuza kama wa asili. Eksirei moja itamuumbua. Wapo wanaoniomba niziache kwa sababu "zinaharibu uhalisia". Siziachi.