Lida ya kina: kupima bahari kwa leza kutoka angani

Zamani, nahodha aliyetaka kujua kina alitia bildi: kamba yenye risasi mwishoni, ikigusa chini anahesabu pima. Sona ilipokuja, sauti ikachukua nafasi ya kamba, lakini shida moja haikuondoka. Chombo lazima kifike juu ya mahali panapopimwa, na kwenye maji ya mita mbili yenye miamba, ambako ramani inahitajika kuliko kwingine kote, ndiko meli zisikothubutu kwenda.

Lida ya kina, yaani mtambo unaopima kina cha maji kwa mwanga wa leza, hukwepa shida hiyo kwa kupima kutoka kwenye ndege. Leza hurusha mipigo mifupi sana ya mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, kwa sababu rangi hiyo hupenya vizuri maji ya pwani. Sehemu ya kila mpigo hurudi kutoka kwenye uso wa maji. Nyingine huzama, hugonga chini na kurudi ikiwa imechelewa kidogo. Huko kuchelewa ndiko kunakogeuzwa kuwa kina. Mifumo mingi huongeza mwali wa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) wa nanomita 1064, ambao hauzami, ili ijulikane kwa hakika uso wa maji ulipo.

Kueleza ni rahisi, kazi iko kwenye hesabu. Ndani ya maji mwanga hupungua kasi hadi takriban kilomita 225,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukikosea nanosekunde moja tu (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), kina kimekosewa kwa sentimita 11 hivi. Hapo bado hujahesabu mawimbi, ndege inayoyumba, na mwali unaopinda kwa kuingia majini kimshazari.

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960, na haikuchukua muda wanajeshi wakaanza kuiwazia kama njia ya kusaka nyambizi. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Marekani, Hickman na Hogg, walionyesha kwamba maji ya pwani yanaweza kupimwa hivyo. NASA ikarusha mtambo wake wa majaribio katika miaka ya 1970. Mifumo ya kazi halisi ilikuja baadaye: LARSEN 500 ya Canada katikati ya miaka ya 1980, LADS ya jeshi la majini la Australia mwaka 1993, na SHOALS ya wahandisi wa jeshi la Marekani mwaka 1994. Kwa maoni yangu leza yenyewe haikuwa kikwazo kikubwa. Pengo lilikuwa kompyuta za kumeza mipigo mingi kiasi hicho, na namna ya kujua ndege ilikuwa wapi hasa kila mpigo ulipotoka. Hili la pili GPS ilikuja kulirahisisha sana.

Kisichorahisishwa na mtambo wowote ni uchafu wa maji. Wapimaji bado hutumia kisahani cha Secchi, kifaa cha karne ya 19: unakishusha kwa kamba mpaka kipotee machoni. Kikipotea kwenye mita 10, lida huenda ikaona chini hadi mita 20 au 30. Kwenye maji maangavu sana hufika mita 50 na zaidi. Mto ukishamwaga tope baharini, mpigo wa kijani hufia karibu na uso, na wapimaji hurudi kwenye mashua na sona.