Tonge linalodunda si plastiki

Ujumbe huu hauzeeki: mchele wa msaada ni wa plastiki, na ushahidi ni video ya tonge la wali linalodunda sakafuni. Linalodundisha tonge ni wanga. Wali ukiiva, wanga hulainika na kunata. Ukiukandamiza ukiwa umepoa, hata wa Kyela utadunda. Maji ya wali yakikaukia sufuriani nayo huacha utando unaong'aa kama nailoni.

Kupima ni rahisi. Choma punje chache kwenye kijiko kikuukuu: mchele hugeuka mkaa, plastiki huyeyuka na kuvutika. Au dondoshea wali tone la iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Wanga hugeuka bluu iliyokaribia weusi. (Wali huo umwage, usiliwe.)

Kinachowachanganya wengi hasa ni mchele ulioongezwa virutubishi. Punje zake hutengenezwa kwa unga wa mchele na vitamini, mara nyingi huchanganywa 1 kwa kila 100 za kawaida. Rangi huweza kutofautiana kidogo, na nyingine huelea ukiosha. Watu huzichambua na kuzitupa, kumbe ndizo zenye madini ya chuma. Video hiyo ikikufikia, usiisambaze: kuna kaya itamwaga mgawo wake wa mwezi.