Mwanangu Ana Kipaji Gani?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wazazi huja ofisini kwetu hapa Bagamoyo na swali lilelile: "Mwalimu, huyu kipaji chake nini, tujue tumpeleke wapi?" Swali la upendo, lakini linaruka hatua. Kipaji ni wepesi wa kushika jambo. Kazi ni jambo ulilolishika, ukalirudia mpaka mtu mwingine akakubali kulilipia.

Shukeni ufukweni mkawatazame mafundi wa majahazi. Mataruma, zile mbavu za chombo, hayatokani na ubao ulionyooka. Fundi hutafuta gogo au tawi lililojipinda lenyewe mtini, kwa sababu nyuzi za mti zimeufuata ule mpindo. Ukichonga mpindo kwenye ubao ulionyooka unazikata nyuzi, na kusi ikichafuka taruma hupasuka palepale ulipokata. Hata hivyo, hakuna tawi lililowahi kudondoka mtini likiwa taruma. Fundi hulipiga tezo, hulipachika juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, hulitoa, hulipunguza unene wa ukucha, hulipachika tena. Pembeni, kijana anayejifunza anashindilia pamba ya kalafati kati ya mbao ili maji yasipenye, na fundi anapitisha kidole kwenye kila mshono kabla ya kumruhusu aende unaofuata.

Kwenye ngoma ni hivyohivyo. Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, ndiyo TaSUBa ya leo, na watoto wetu wanakua wakisikia mazoezi. Wapo wanaosikia mdundo mara moja wakaupiga. Hao ndio ninaowahofia zaidi. Mtoto aliyesifiwa tangu akiwa na miaka sita hajazoea kukosea; akikutana na nota, taa za jukwaani au kusoma mkataba, mambo ambayo hayamjii kwa wepesi, anadhani kipaji kimemwacha.

Vijana wengi wamesikia kwamba saa 10,000 za mazoezi humfanya mtu yeyote kuwa bingwa. Hesabu hiyo imetoka kwa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, waliowachunguza wapiga fidla wa chuo cha muziki Berlin na kuchapisha matokeo mwaka 1993. Wapigaji bora, walipofika miaka 20, walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa takriban saa 10,000. Ule ulikuwa wastani, haukuwa mstari wa kuvuka: wengine walikuwa bado hawajazifikisha. Mwaka 2014 mwanasaikolojia mwingine, Brooke Macnamara, na wenzake walikusanya tafiti nyingi za namna hiyo, wakaona mazoezi yanaeleza asilimia 21 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika muziki, na asilimia 18 katika michezo. Si haba, lakini yapo na mengine: umri wa kuanza, mwili, mwalimu, nafasi nyumbani.

Kwa hiyo mimi huuliza hivi: mtoto hukosea nini, kisha akakirudia bila kutumwa? Mama mmoja aliniletea binti yake akisema ni mwimbaji. Nilimwomba binti azungumze. Alisimulia mahafali ya shule, spika zilipoanza kukwaruza, alivyozifuata nyaya moja moja, akamenya, akaunga, ikakwaruza tena, akaunga upya mara nne mpaka sauti ikatulia. Kuhusu wimbo aliouimba siku ile hakusema neno. Leo anasomea elektroniki, na kwaya hajaiacha.

Kabla ya kujaza fomu za tahasusi au za chuo cha ufundi, mpelekeni likizo nzima kwenye karakana, jikoni au shambani, kokote anakodhani anapataka. Wiki ya kwanza kila kitu ni kitamu. Mtazameni wiki ya tatu, kazi inapokuwa kufagia na kurudia. Na kama yupo nyumbani kijana aliyejifunza ufundi mtaani bila cheti, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, hupima na kurasimisha ujuzi wa namna hiyo. Asihesabiwe kuwa hakusoma.

Mkija ofisini, njooni naye, na mumwache aanze yeye kusema.