Je, wajua kwa nini barafu inaweza kuua chanjo kabla ya jua?

Upande wa Ludewa, Milima ya Livingstone inashuka hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa, na vijiji vingine vya mwambao njia yao ya kueleweka ni boti. Si visiwa, lakini kliniki ya mkoba huvifikia kama visiwa. Upepo wa mwera ukichafuka, safari hukwama. Ndiyo maana anayefungasha chanjo huogopa joto, akachukua barafu moja kwa moja kutoka kwenye friza na kujaza kikasha cha kubebea chanjo.

Hapo ndipo chanjo hufa.

Chanjo nyingi hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza ina nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Kichupa kikiigusa, kinaganda. Chanjo ya penta (ya magonjwa matano kwa pamoja), ya nimonia (PCV), ya pepopunda na ya HPV (kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi) zina chumvi ya alumini, ambayo chembe zake hubeba kinga. Zikiganda, chembe hizo hushikana mabonge, na kuyeyusha hakuzirudishi. Ukitazama tu unaweza usione kasoro. Mtoto anachomwa, kadi inajazwa, kinga haipo.

Dawa yake ni subira. Kikasha cha kawaida huchukua chupa bapa 4 za barafu. Zitoe, zipange mezani zisigusane, zitoe jasho. Kwenye joto la Kyela nusu saa inaweza kutosha. Kwenye baridi ya Makete hata saa moja na nusu. Usitegemee saa ya ukutani: tikisa kila chupa sikioni. Ukisikia maji yakicheza ndani, barafu imefika nyuzi 0 na haiwezi tena kugandisha. Ifute, iingize. Juu weka sponji, na vichupa vilivyofunguliwa vichomekwe humo wakati wa kuchoma.

Nyanda za juu zina mtego mwingine. Juni na Julai, jokofu la gesi ambalo moto wake haukupunguzwa linaweza kugandisha chanjo usiku, kikasha hakijaguswa. Soma kipimajoto asubuhi na jioni.

Ukishuku, fanya jaribio la kutikisa. Gandisha makusudi kichupa kimoja cha chanjo ileile, toleo lilelile, kiyeyushe, kisha kitikise pamoja na unachokishuku na uviache vitulie nusu saa. Unachokishuku kikituama haraka sawa na kile cha makusudi au zaidi, tupa. Uliyoikuta imekuwa barafu haihitaji jaribio, tupa.

Joto nalo lina shahidi wake: kimraba ndani ya duara kwenye lebo. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, tumia. Rangi zikilingana au kimraba kikikoza zaidi, tupa. Lakini alama hiyo haioni baridi hata kidogo, na wengi huiamini kupita kiasi.

Chanjo ya surua-rubela haiogopi kuganda ikiwa bado unga. Maji yake ya kuchanganyia yasigandishwe, kwa kuwa chupa hupasuka, na yapoe kama chanjo yenyewe. Ikishachanganywa ina saa 6 tu. Iliyochanganywa saa 4 asubuhi haivuki saa 10 jioni, hata kama akina mama wa kitongoji cha pili bado wanasubiri boti.